Nafasi ya Lesian

Lesian alikuwa na miaka ishirini na tisa alipoanza kukohoa, na kwa zaidi ya mwaka mzima kila aliyemwona alisema ni TB.

Alikuwa fundi wa kukata mawe katika karakana moja ya Olasiti, kazi aliyoingizwa na kaka yake, Parsimei. Wawili hao walikuwa watoto wa Namnyaki, mjane mwenye shamba la maharage na ng'ombe wanne juu ya Ngaramtoni. Parsimei alitangulia mjini. Alifika karakana ile enzi ilipokuwa ikitengeneza mawe ya makaburi tu, akajifunza kukata graniti na marumaru, na baada ya miaka michache akawa fundi mkuu. Mwenye karakana alikuwa Nathanaeli, mtu wa Machame, mpole, ambaye Jumapili aliimba besi katika kwaya ya Kilutheri.

Kisha likaja jiwe jipya. Mahoteli yalilitaka, na watu waliojenga nyumba kubwa Njiro walilitaka kwa ajili ya meza za jikoni. Lilikuwa jeupe bila mshipa wala doa, manjano ya kupikia haikulitia rangi, na lilitoka nje ya nchi kwenye makontena. Halikuchimbwa likiwa hivyo. Lilikuwa mawe yaliyosagwa kiwandani na kugandishwa kwa gundi, kwa hiyo mafundi waliliita jiwe la kiwandani. Kazi ikawa nyingi mno. Parsimei akapanda nyumbani kwao, akamwambia mdogo wake aache kubeba mizigo sokoni amfuate mjini.

Jiwe lile lilikatika vizuri kuliko graniti. Lesian alipewa kazi ya kutoboa matundu ya sinki na kusawazisha kingo kwa grenda ya mkononi. Vumbi lake lilikuwa laini kama unga wa sembe, nalo halikutua upesi. Ukizima grenda ukaenda kunywa chai, ukirudi unalikuta bado liko hewani, linang'aa kwenye mwanga wa mlangoni. Jioni mafundi walikung'utana kwa matambara wakicheka jinsi walivyozeeka nywele kwa siku moja. Walifunga vitambaa puani. Hakuna aliyewaambia kwamba kitambaa hakitoshi, kwa sababu hapo karakana hakuna aliyejua.

Alipoanza kukohoa, Lesian alikwenda kituo cha afya. Makohozi yake yalipimwa mara tatu na hayakuonyesha kitu, lakini picha ya kifua ilikuwa na madoa, na jasho la usiku alikuwa nalo, na mwili ulikuwa unakwisha. Wakamwanzishia dawa za kifua kikuu. Akazimeza miezi sita bila kukosa siku hata moja. Mkewe, Nice, alikuwa akimsimamia kila asubuhi na glasi ya maji mkononi. Miezi sita ilipoisha, Lesian hakuweza tena kuinua grenda. Wakamwongezea dawa.

Ndipo Sista Aikande alipohamishiwa kituoni hapo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini na mazoea ya kuuliza jambo lile lile mara mbili. Siku hiyo Lesian alikuwa amesindikizwa na Parsimei kwa sababu peke yake hakuweza kutembea kutoka barabarani hadi mlangoni bila kukaa chini.

"Kwenye kadi yako wameandika kazi yako ni fundi," Sista Aikande alisema. "Fundi wa nini?"

"Wa mawe, sista."

"Unachimba?"

"Hapana, nakata. Zile meza za jikoni, sehemu ya juu."

"Mnakata na maji?"

Lesian akamtazama kaka yake, halafu akamrudia nesi. "Maji ya kunywa?"

Sista Aikande aliweka kalamu chini. Akaeleza kwamba alifanya kazi miaka minne kwenye zahanati kule Mererani, kwa wachimbaji. Huko aliwaona vijana wengi waliokohoa hivi, makohozi safi, dawa za TB zikishindwa. Ilikuwa vumbi la mwamba limeingia kwenye mapafu na kuyafanya magumu. "Lakini wale walikuwa chini ya ardhi, na wengi wao walikuwa wamechimba miaka mingi," alisema. "Wewe umekata miaka mingapi?"

"Sita."

"Sita tu?"

"Sita, sista."

Parsimei, aliyekuwa amesimama ukutani, akakohoa. Hakikuwa kikohozi kikubwa. Sista Aikande aligeuka akamtazama kwa muda.

"Na wewe je?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha," Parsimei alijibu.

Akawaandikia wote wawili barua ya kwenda hospitali ya magonjwa ya kifua, upande wa Kilimanjaro.

Daktari wa huko alikuwa kijana mwenye haraka, ila alipoziweka picha zao mbili kwenye mwanga, haraka yake ikaisha. Picha ya Lesian ilikuwa nyeupe sehemu za juu, kama ukungu uliokaa bondeni. Ya Parsimei ilikuwa na vitone vidogo vidogo, pande zote mbili. Daktari akawaambia jina la ugonjwa, silikosisi, akaeleza kwamba hautokani na kijidudu na hauambukizi. Kwenye mawe ya kawaida kuna kitu kinachouleta, lakini kwa kiasi. Hili la kiwandani karibu lote ni kitu hicho, na ndiyo maana miaka sita ilitosha kufanya yale ambayo kwa mchimbaji huchukua ishirini.

"Dawa yake ni ipi?" Parsimei aliuliza.

"Ya kuliondoa vumbi hakuna."

"Akiacha kazi?"

"Wewe ukiacha leo, huenda ugonjwa ukaenda taratibu. Yeye..." Daktari akamtazama Lesian, akaona anasubiri jibu kama mtu mzima, akalimaliza. "Yeye utaendelea hata akiacha."

Walirudi Arusha. Usiku huo, katika chumba cha Lesian kule Lemara, Nice alipotoka kwenda kuteka maji, Lesian alimwambia kaka yake asogee.

"Yeyo asijue kwamba ni kazi," alisema, akimtaja mama yao kwa Kimaasai. "Mwambie ni kifua tu."

"Kwa nini nimfiche?"

"Ataona ni wewe uliyeniua. Hatasema, lakini ataona hivyo." Akapumzika kidogo kupata pumzi. "Mimi sioni hivyo. Nilikuja kwa miguu yangu, na nilikula vizuri miaka ile. Niahidi."

Parsimei akaahidi. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama aliahidi kwa ajili ya ndugu yake au kwa ajili yake mwenyewe.

Sista Aikande kwa upande wake hakukaa kimya. Siku mbili baada ya majibu kufika, alikwenda karakana akiwa na sare yake, akasimama mlangoni na kuangalia kijana mmoja akikata. Hakukaa hata dakika kumi. Akamwomba Nathanaeli azime mashine zote, akamweleza.

Nathanaeli alibisha mwanzoni. Graniti wameikata miaka mingi na hakuna aliyekufa. Lesian alikuwa mwembamba tangu nyumbani. Halafu akaangalia ofisi yake ndogo ya mbao iliyokuwa humo humo ndani ya karakana, mezani ambapo kila asubuhi alichora jina lake kwa kidole kwenye vumbi kabla ya kulifuta.

"Hata sisi tunaokaa tu?" aliuliza.

"Hata mnaokaa. Na anayefagia kuliko wote."

Nathanaeli akanunua mipira ya maji, ya kulowesha jiwe linapokatwa ili vumbi lisiruke, na barakoa za kiwandani, zile ngumu zenye vichujio. Alimtoa Parsimei kwenye kukata, akampa kazi ya kwenda kwa wateja kupima meza za jikoni. Mafundi wengine wanne wakapelekwa kupiga picha, na wawili walikuwa na vitone. Mmoja wao alirudi kwao siku hiyo hiyo bila kuaga. Mwingine akaendelea kukata, akisema mwanawe yuko shule.

Jioni ileile Sista Aikande aliandika kwenye kundi la WhatsApp la wauguzi wa vitengo vya TB mjini na wilayani. Aliuliza kama kuna mwenzake mwenye mgonjwa kijana, makohozi safi, dawa hazimsaidii, na kwenye kadi ameandikwa fundi, tafadhali amuulize ni fundi wa nini. Kesho yake asubuhi alikuta majibu matatu, na ndani ya wiki yakafika saba. Alinakili majina, akaandika barua ofisini kwa wakubwa, na barua ikapokelewa na kugongwa muhuri. Aliambiwa itashughulikiwa. Alirudi kuuliza mara mbili na aliambiwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo akamwomba Parsimei wazunguke wenyewe. Jumamosi mbili walipita karakana nyingine za mjini. Moja walifungiwa geti. Kwingine walimkuta fundi anaitwa Brian, kijana wa miaka ishirini na tano, mcheshi, mweupe wa vumbi hadi kwenye kope.

"Braza, mimi navaa barakoa," Brian alisema, akionyesha kipande cha kitambaa kilichoning'inia kidevuni.

"Hiyo haizuii. Tumia maji."

"Maji na umeme? Unataka nife leo ili nisife kesho?"

Wenzake wakacheka. Parsimei akataka kumweleza habari za Lesian, lakini alipofungua mdomo kikohozi kikamshika, na kilipomwachia alikuta Brian amekwisha kuwasha grenda. Wakaondoka.

Lesian alirudishwa nyumbani kwa mama yake mwanzoni mwa masika, kwa sababu Lemara hakukuwa na mtu wa kushinda naye Nice akienda kibaruani. Namnyaki alimwekea kitanda karibu na mlango apate hewa. Alimpa mchuzi wa mifupa, akamchemshia mizizi aliyoijua, na alipoona haisaidii, akamwita mchungaji. Kila Parsimei alipopanda kumwona, mama yake alimuuliza daktari amesema nini, na kila mara alijibu ni kifua. Lesian alikuwa akisikiliza akiwa amelala. Mwishoni alikuwa akilala amekaa, mito mitatu mgongoni, midomo imegeuka rangi. Alifariki asubuhi ya Jumanne, mvua ikinyesha, Nice akiwa amemshika mabega.

Walimzika nyuma ya nyumba, upande wa migomba. Siku ya tatu, walipokuwa wamebaki watu wa nyumbani tu, baba mdogo wao Yiamat alimwita Parsimei barazani. Namnyaki alikuwa hapo akipukuchua mahindi, na Nice kando yake. Yiamat alikuwa amekuja na mwanawe Lerionka, kijana mpana wa mabega aliyeoa mwaka uliopita.

"Shikamoo, baba mdogo," Parsimei alisema.

"Marahaba. Kaa, mwanangu." Yiamat alisubiri akae. "Maneno ya msiba tumeyasema. Sasa ya walio hai. Nafasi ya Lesian pale kazini imebaki wazi. Huyu Lerionka ana nguvu, na mkewe ni mjamzito. Jumatatu ukishuka, shuka naye."

Lerionka aliinamisha kichwa kwa adabu. Alikuwa amenunua viatu vipya vya kazi. Parsimei aliviona, akaona na kamba zake ambazo hazijapata vumbi bado. Akamtazama Nice. Nice alijua yote, tangu siku ya hospitali, naye alimtazama vivyo hivyo, bila kumsaidia.

"Sitamchukua," Parsimei alisema.

"Umeshampa mtu mwingine?"

"Hapana. Baba mdogo, kazi ile ndiyo iliyomuua Lesian."

Mikono ya Namnyaki ikasimama juu ya ungo.

Parsimei akasema yote. Alisema habari za jiwe, na vumbi lisilotua, na picha mbili kwenye mwanga. Alisema kwamba haikuwa TB hata siku moja. Alisema Sista Aikande ana majina ya vijana saba, na kwamba wapo wengine wasiojulikana. Yiamat alijaribu kumkatiza mara moja, akisema kila kazi ina shida zake, lakini Parsimei aliendelea kwa sauti ile ile mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba hata yeye analo vumbi hilo kifuani.

Ng'ombe mmoja alilia zizini.

"Ulijua lini?" Namnyaki aliuliza.

"Mwezi wa kumi na moja, yeyo."

"Na Lesian alijua?"

"Alijua. Yeye ndiye aliyeniomba nisikwambie."

"Nimemchemshia mizizi miezi miwili," mama yake alisema. "Mlikuwa mnaniangalia." Kisha akauliza tena. "Kabla ya daktari. Vumbi lenyewe ulikuwa unaliona?"

"Nililiona kila siku."

Namnyaki aliweka ungo chini, akasimama, akaenda zizini. Hakurudi barazani mpaka giza lilipoingia. Asubuhi Parsimei alipokwenda kumuaga alimkuta anakamua, akamsalimia, na hakujibiwa. Lerionka alimsindikiza hadi njia panda akiwa amevaa viatu vyake vya zamani. Alitaka kuuliza jambo, Parsimei aliona hivyo, lakini hakuuliza.

Mama yake hakuzungumza naye tena. Parsimei alipopiga simu ilipokelewa na Nice, aliyebaki kule juu na mkwe wake. Alipopanda mwisho wa mwezi na sukari na majani ya chai, Namnyaki alivipokea, akavitia ndani, akaendelea na kazi zake. Chakula alimpakulia. Alikula peke yake.

Mjini nako mambo yalilegea. Kiangazi kilipoanza maji yakawa ya mgawo Olasiti. Nathanaeli alijaza matangi kwa muda, kisha mteja mkubwa akataka meza arobaini kwa ajili ya hoteli kabla ya msimu wa watalii, na siku moja Parsimei aliporudi kutoka kupima alisikia mlio mkavu wa grenda isiyo na maji toka barabarani. Aliingia akakuta mlango umefungwa kwa sababu ya upepo. Nathanaeli alikuwa amesimama nje ya ofisi, hakumtazama.

"Ni wiki hii tu," alisema.

Parsimei hakugombana naye. Hakuwa na pumzi ya kugombana. Alipanda ngazi za nyumba za wateja kwa kusimama kila baada ya hatua tano, na ghorofa ya pili alikuwa akijifanya anapima ukuta ili apumue.

Mwezi wa nane Sista Aikande alimpigia simu apite kituoni. Alimkuta na daftari mbele yake.

"Wiki tatu hizi wamekuja vijana kumi na mmoja," alisema. "Wakata mawe. Wamekuja wenyewe, hawajaletwa na barua ya mtu. Wawili wanatoka kwenye ile karakana walikotufungia geti. Yule Brian naye amekuja."

"Nani amewaambia?"

"Ndicho nilichowauliza. Mmoja kaambiwa na mama yake, mwingine na shangazi, mwingine na mama mkwe. Na hao wote wanasema wamesikia sokoni Ngaramtoni, kwa mama mmoja muuza maharage." Akafunga daftari. "Anawauliza wanawake kama wana mtoto anayekata mawe mjini. Mmoja akisema ndiyo, hamwachi aende."

Parsimei aliuliza tu Brian amekutwa na nini, na Sista Aikande akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Siku ya soko iliyofuata Parsimei alipanda Ngaramtoni. Kulikuwa na baridi na Meru ilikuwa imefunikwa mpaka chini. Alipita upande wa mifugo, akapita kwenye nguo, mpaka waliko wauza nafaka. Namnyaki alikuwa amekaa juu ya gunia lililokunjwa, maharage mbele yake, na shuka lake la msiba mabegani. Mwanamke mmoja alikuwa amechuchumaa mbele yake, kapu mkononi, uso umemshuka. Namnyaki alikuwa akizungumza Kimaasai, kwa utaratibu, bila kulia. Parsimei alisikia jina la ndugu yake, na akasikia mama yake akieleza jinsi midomo ilivyobadilika rangi.

Akasimama hapo hapo, hatua chache tu kutoka kwao. Mama yake akainua macho, akamwona. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia yule mwanamke, safari hii kwa Kiswahili.

"Huyu ni mwanangu mwingine. Naye analo. Muulize anavyojisikia."

Yule mwanamke akageuka. Alisema mwanawe anaitwa Elieza, anakata mawe mwaka wa tatu, na kwamba hakohoi, ila siku hizi akija nyumbani hawezi kupanda mlima bila kupumzika, wakadhani ni maisha ya mjini. Akauliza kama hiyo ndiyo yenyewe.

Namnyaki alivuta gunia jingine, akalikunjua, akalitandika upande wake wa kushoto. Parsimei akakaa. Alianza kumweleza yule mama ahakikishe Elieza anapiga picha wiki hii, na asikubali kupewa dawa kabla hajasema anafanya kazi gani. Aliongea polepole, akipumzika katikati ya maneno. Nyuma ya yule mwanamke walikuwa wamesimama wengine wawili, wanasubiri.